Bomba Nyuma ya Minyaa

Nilipokuwa mtoto, huko bondeni chini ya Shelui, hakuna aliyethubutu kuchovya sufuria yenye masizi kisimani. Kisima chenyewe kilikuwa shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa korongo na kuzungushiwa miba. Bibi alituambia kinalindwa na nyoka, naye tulimwita Mwenye Maji. Akiona masizi hukasirika, maji yakaoza. Niliamini kabisa.

Mwaka ule maji yalioza kweli. Yalinuka, yakafanya povu, na watoto wakaanza kuharisha. Mdogo wangu Elia, ndiyo kwanza ameanza kutembea, aliharisha siku tatu akafa.

Wazee wakauliza nani amechovya sufuria. Mama yangu, ambaye hakujua kusema uongo hata wa kujiokoa, akajibu, "Ni mimi. Ndoo yangu ilikuwa imepasuka."

Basi lawama zote zikawa zake. Akakatazwa kisima, akawa anatoka alfajiri kufuata maji kijiji cha pili, na wanawake wenzake wakamwambia usoni kwamba amemuua mwanawe mwenyewe.

Mimi ndiye niliyeliona bomba. Nilikuwa nachunga mbuzi juu ya korongo, nyuma ya gesti wanakolala madereva wa malori. Lilikuwa limetokeza chini ya ua wa minyaa, linamwaga uchafu wa choo mchangani, juu kidogo ya kisima chetu. Mwenye gesti alisimama pale pale akitazama.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Peleka mbuzi wako kwingine."

Mtu huyo alikuja msibani kwetu! Alikaa mkekani, akala ugali wetu, akamsikia mama akisemwa, akanyamaza.

Nilimchukia mpaka chakula hakipiti. Siku ya mnada, watu wote walipokwenda mnadani, nililiziba bomba lile kwa gunia, magunzi na udongo wa kichuguu, nikashindilia kwa mpini wa jembe mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Mvua iliponyesha, kila alichotumwagia kilimrudia. Kinyesi kilipanda vyooni, kikaingia vyumbani, madereva wakatoka mbio wameshika viatu mkononi. Nilisimama kwenye mvua nikacheka. Kesho yake mwenye gesti akaja kisimani na kondoo mweusi, akisema Mwenye Maji amemkasirikia. Bomba hakulitaja. Nami sikulitaja, kwa kuogopa fimbo. Akachimba shimo jipya la choo kimya kimya, na baada ya muda maji yakatakata.

Kondoo alipokwisha kuliwa, mama aliniita jikoni. "Umeona, mwanangu? Kumbe Mwenye Maji yupo kweli. Basi Elia nilimuua mimi."

Nilikuja kumweleza yote nikiwa mtu mzima, na yeye amezeeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa mkono. "Unanionea huruma tu," akasema. Tulimzika akiamini hivyo hivyo.

Mwenye gesti bado yu hai. Sijamsamehe, wala sioni haya kusema. Kuziba bomba sijuti hata kidogo, na leo ningeliziba tena. Ila kwanza ningemshika mama mkono, nimpeleke nyuma ya minyaa akaone kwa macho yake, na wanawake wote wa kisimani wakiwa wamesimama hapo.