Binti wa Mpima Ardhi na Ramani ya Darasa la Tano

Manispaa haikumtuma. Hilo lieleweke kwanza, kwa kuwa limesemwa sana, tena na watu ambao hata hawakuwepo. Mwalimu hakutumwa na mtu, hakupeleka jina la jirani kwenye ofisi yoyote, na hakuna nyumba iliyowekewa alama ya kubomolewa kwa sababu yake. Alikuwa akitayarisha mwaka wa Maarifa ya Jamii wa darasa la tano. Basi.

Wanaoijua kazi ya ualimu wanajua kwamba azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka mzima, mara nyingi huwa ni la mwaka jana lililobadilishwa tarehe. Mwenzake wa chumba cha walimu alikuwa akinakili lake tangu enzi hizo, mpaka likawa bado linatenga wiki nzima ya kumkaribisha mkaguzi aliyekwishastaafu. Yeye hakulelewa hivyo. Mama yake naye alikuwa mwalimu, na kazi ya kubabaisha nyumbani kwao haikuwa na nafasi.

Alianzia mwisho. Alitaka mwaka ukiisha, mtoto wa darasa la tano aweze kusimama mbele ya mtu mzima, amuulize jambo la mtaa wao bila kutetemeka, na ajue kama jibu alilopewa linaingia akilini. Kutoka hapo akarudi nyuma: muhula wa tatu, uongozi na haki za raia, wa pili, kazi za watu na biashara, wa kwanza, historia na ramani ya mtaa. Alikata vikaratasi, kila mada na chake, akavitandaza juu ya meza ya kulia, na kwa muda wote huo watu wa nyumba ile walikula sahani zikiwa mapajani. Kila kikaratasi kilikiegemea kilichotangulia. Ukiondoa ramani, watoto hawatajua nani anapakana na nani, na wasipojua hilo, uongozi wataujadili hewani.

Kwa kuwa hakutaka kumpeleka mtoto wa watu kwenye mlango ambao angefukuzwa, alitangulia kuizunguka milango mwenyewe kabla shule hazijafunguliwa. Aliuliza nani alihamia lini, kisima cha zamani kilikuwa wapi, njia ilipita wapi. Mwishowe alichukua kamba ya kuanikia nguo, akaipiga mafundo kwa umbali ulio sawa, akaenda kuijaribu kwenye uchochoro wa mtaani kwao aone kama mikono ya watoto itaiweza. Hapo ndipo alipoteleza, na aliteleza kama mtu asiye na lake moyoni: alisahau kwamba yeye ni mtoto wa nani. Marehemu baba yake alikuwa mpima ardhi. Mtaa ule aliupima yeye, na mtu aliyewahi kupimiwa kiwanja haangalii kamba hivi hivi.

Fundi cherehani, mama wa makamo ambaye kibaraza chake kinatazama uchochoro, alisimamisha mguu uliokuwa ukikanyaga cherehani.

"Binti wa mpima, na wewe umeanza kuvuta kamba?"

"Ya darasani hii, mama. Najaribu somo."

"Somo." Fundi alikata uzi kwa meno. "Na hilo somo ndilo linalotaka kujua mimi nilihamia lini?"

"Watoto watakuja kuuliza, ndiyo maana nikatangulia."

"Kumbe na watoto watatumwa. Haya. Pita huku, usinikanyagie kitambaa."

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Kesho yake salamu zilijibiwa nusu nusu, na madirisha yaliyozoea kuwa wazi yakafungwa, pamoja na joto lote. Bibi mmoja aliyemwonyesha kwa furaha mahali pa kisima alikuja hadi getini kumwambia kwamba amekumbuka vizuri, hapakuwahi kuwa na kisima. Mwalimu naye akaanza kuwatilia watu shaka. Mwenzake yule wa chumba cha walimu alipojitolea, kwa sauti tamu kuliko kawaida, kumtunzia vile vikaratasi, alivifungia kabatini na ufunguo akatembea nao.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Mwalimu, wazazi wamekuja. Wanasema darasa la tano litatumiwa kupeleleza nyumba zao."

"Na wewe unasemaje, mkuu?"

"Mimi nasema ondoa ramani, darasa libaki lako. Ukikataa, nampa mwenzako. Azimio lake liko tayari."

"Liko tayari tangu sijaajiriwa."

Mwalimu mkuu hakucheka. Alimwambia wiki isiishe kabla hajapata jibu.

Lipo jambo ambalo mwalimu hakuwa amemwambia mtu. Siku ile ya kamba, uchochoro ulikuwa na upana uleule kote alikopima, lakini kwenye kona ya nyumba yao aliuona umebana. Hakuthubutu kupima pale. Sasa alikwenda jikoni, akamkuta mama yake akipanga vyombo.

"Mama, nataka darasa lianze kwa kupima kwetu. Mbele ya wazazi wote."

"Kwetu pameshapimwa."

"Na baba."

"Ndiyo, na baba yako. Unamtilia shaka?"

"Mtaa ndio unanitilia shaka mimi, mama. Nikianzia kwa fundi, nimekwisha."

Mama aliendelea kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Binti alimtazama vile alivyotazamwa yeye na fundi cherehani, na aliona aibu kumtazama hivyo mzazi wake.

"Unajua watakachosema?" mama alimuuliza.

"Wameshaanza kusema."

Kisha mama akasema, bila kugeuka: "Mwite fundi ashike ncha moja. Tukishika wenyewe ncha zote mbili, kazi yenu ni bure."

Jumamosi ya wiki ile watoto walijipanga, na wazazi wakaja kwa wingi kuliko wanavyokuja kwenye mikutano ya shule. Fundi cherehani alishika ncha yake kana kwamba kamba ingemtoroka. Walipima upana wa uchochoro kutoka barabarani kuingia ndani, watoto wakihesabu mafundo kwa sauti, na kila mahali hesabu ikawa ileile. Kwenye kona ya nyumba ya mpima, fundo moja lilikosa nafasi. Fundi alihesabu tena mwenyewe, polepole.

"Hapa pamepungua," alisema. Hakusema kwa kushangilia.

Watu walimgeukia mama. Alikuwa amesimama getini, kitambaa chake kichwani kimekaa sawasawa.

"Ukuta utasogezwa," alisema, akaingia ndani.

Na ulisogezwa. Mwalimu mkuu hakuligusa tena darasa la tano. Bibi wa kisima alirudiwa na kumbukumbu, akawapeleka watoto mwenyewe mpaka mahali penyewe. Fundi cherehani alikubali kuulizwa alihamia lini, ila kwa sharti kwamba atakayeuliza anawe mikono kwanza.

Kama ukuta ule ulikosewa na mwashi au ulijengwa vile kwa kutaka, mpima hayupo kujibu, na mjane wake hajibu. Njia imerudishiwa upana wake na watu wanapita. Yaliyobaki ni ya nyumbani, na hayasemwi.