Mapipa Sita ya Mama Zaina

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Kindu ambayo kila nikiikumbuka nacheka, halafu naona haya. Nchi iliitwa Zaire, tukiitana sitwayeni, yaani raia, nami nilikuwa msichana pekee katika maabara ya kiwanda kimoja cha sabuni karibu na bandari. Kazi yangu ilikuwa kupima asidi ya mawese.

Mafuta hayayeyuki katika maji, kwa hiyo tuliyayeyusha katika alkoli. Na kwa kuwa mawese ni mekundu, dawa ya kubadili rangi haikuonekana vizuri. Basi tulitumbukiza humo vijiti viwili vilivyounganishwa na mashini ya umeme, tukadondosha potasi, dawa inayomaliza asidi, tone kwa tone, macho kwenye mshale wa mashini. Uliporuka ghafla, tulijua asidi imekwisha. Matone yakiwa mengi, mafuta ni mabaya.

Siku hiyo Mama Zaina, mkulima wa Pangi, alileta mapipa sita, jasho la msimu mzima la wanawake wa kijiji chake. Nikapima mbio mbio, nikamwambia mbele ya watu:

"Mama, mafuta yako imeoza. Rudisha."

"Imeoza?" Akachovya kidole, akalamba. "Mutoto, haya njo mafuta tunakula kwetu. Onja!"

Mimi na koti langu jeupe! Nikakataa. Macho yake yakajaa machozi.

Mkubwa wangu, Papa Kabeya, Mkasai mpole sana, akatoka ofisini.

"Ile alkoli ulitoa wapi?"

"Chupa mupya, Papa. Nimeifungua leo."

"Uliipima kwanza yenyewe, bila mafuta?"

Nikaileta chupa. Tukaipima alkoli tupu. Potasi ikadondoka, ikadondoka, mshale umetulia tu. Karibu asidi yote ilikuwa ya chupa yangu! Tulipoyatoa matone hayo katika hesabu, mawese ya Mama Zaina yakawa mazuri kuliko yote ya mwezi ule.

Papa Kabeya hakunigombeza. "Sasa uende umwambie, mbele ya watu wale wale."

Nikaenda. "Mama, kosa njo langu. Unisamehe."

Akanitazama kidogo, kisha akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Mchana alikaanga makemba, zile ndizi kubwa za kupika, uani kwa mawese yale yale, akanijazia sahani. "Leo utaonja tu!" Nikala, nikalamba vidole.

Mwanangu, kabla hujasema kazi ya mtu ni mbaya, chunguza kwanza ulichokuja nacho wewe: chombo chako, haraka yako, majivuno yako. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi pembeni. Mungu akupe mkono mtulivu, akupe wakubwa wanaouliza kabla ya kufoka, na kila utakayemkosea awe na moyo wa kukukaribisha chakula.