Maji ya Tumbo la Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Homa Bay, sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Matroni, mama mrefu asiyejua kunong'ona, alinikabidhi stovu ya mafuta ya taa na sufuria ya sindano za kioo. "Wewe Nyar Ndhiwa," akasema, kwa maana ya binti wa Ndhiwa, "sindano moja ikivunjika, ni wewe utaeleza Daktari." Nilizichemsha kama mtu anayemchemshia mama mkwe mayai. Ninyi wauguzi wa leo mnapasua karatasi, mnadunga, mnatupa. Hamjui raha ya kuziona sindano zote zimetoka nzima. Harufu ya stovu ile naikumbuka mpaka leo, na naipenda.

Miaka ya sitini haijafika mwisho, nilihamishiwa hospitali ndogo upande wa Suna, Migori. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Msimamizi, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuamrisha tu, lakini mikono yake ilikuwa na adabu. Huko ndiko nilikomuuguza Bi Zuhura, mke wa mwenye duka la vitambaa, watu wa Mombasa.

Bi Zuhura alikuwa amezaa watoto wengi, na ngozi ya tumbo ilikuwa imelegea ikaning'inia. Hakuwa mgonjwa. Alitaka tu tumbo lake la usichana, akaenda Nairobi kwa daktari wa upasuaji. Ngozi iliyozidi ikakatwa, iliyobaki ikavutwa na kushonwa. Kwetu hilo lilikuwa ajabu. Wanawake sokoni walilisimulia wameshika viuno. Mshono ulipona vizuri. Lakini aliporudi nyumbani, tumbo likaanza kujaa maji.

Niwaeleze. Ngozi ikiinuliwa kutoka kwenye nyama, katikati hubaki uwazi kama mfuko. Mwili huujaza majimaji mpaka pande mbili zishikane tena. Kwa wengi hushikana zenyewe, lakini kwa Bi Zuhura zilikataa. Daktari alimgonga tumbo kwa vidole, tukaona wimbi likipita chini ya ngozi. Kisha alidunga sindano nene na kuyavuta yale maji, ya manjano iliyopauka kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Tukamfunga bendeji na kumlaza. Baada ya siku chache tumbo lilikuwa limejaa tena, na tena.

"Hii maji iko kichwa ngumu," Daktari akaniambia. "Kila sindano ni mlango ya uchafu. Ikirudi tena, yeye kwenda Kisumu. Wafungue, wakwangue huo mfuko, washone upya."

Bi Zuhura alisikia kila neno. Daktari alipoondoka, alinishika mkono. "Sista, kisu sitaki tena. Nikifa kwa ajili ya urembo, wanangu wataambiwa mama yao alikufa na nini?"

Nilimfunika shuka, nikatoka. Mchana ule chakula kilinishinda, nikarudi wodini mapema kuliko wenzangu. Nyuma ya pazia nilimkuta Bi Mwanaisha, shangazi yake aliyemlea, aliyekuja kutoka Mombasa kumuuguza. Bendeji yetu ilikuwa chini. Karai la maji ya moto lilikuwa pembeni, na mama yule alikuwa akimsugua Bi Zuhura tumbo kwa kitambaa, jasho likimtoka.

"Unafanya nini, mama?"

"Namkanda," akajibu bila wasiwasi wowote. "Uzazi wake wote nimemkanda mimi. Tumbo likishaguswa sharti likandwe, uchafu utoke."

Kumbe kila tulipokwenda kula, alimfungua, akamkanda, kisha akamfunga kama alivyomkuta. Bi Zuhura hakuona maumivu, kwa kuwa ngozi iliyokatwa hivyo hufa ganzi kwa muda mrefu. Mzazi aliyetoka kujifungua ukimkanda unamsaidia. Kwa tumbo lile, mkono uliikokota ngozi juu ya nyama, na kilichoanza kushikana kikaachana.

Nilipomwambia Daktari, uso ulimwiva. "Huyo mama atoke wodi! Leo!"

"Daktari, niachie mimi," nikasema, sijui ujasiri niliutoa wapi. "Ukimfukuza, atamkanda nyumbani."

Alishusha pumzi. "Sawa. Lakini maji ikirudi, Kisumu."

Nilikaa na Bi Mwanaisha kwenye benchi nje ya wodi, nikamweleza yote bila kuficha. Aliitazama mikono yake. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nikimrudisha kwenye sindano?"

"Ndiyo, mama. Hukujua. Lakini mikono hiyo bado naitaka. Bendeji zetu zinateleza. Kwenu mzazi akishakandwa, hufungwa nini?"

"Mkaja."

"Basi kukanda kumekwisha. Njoo umfunge mkaja."

Daktari alivuta maji mara nyingine. Bi Mwanaisha akaleta kitambaa kirefu cha pamba, akamzungushia kuanzia nyongani hadi chini ya mbavu, akikaza kila mzunguko.

"Shangazi, nitapumua wapi?"

"Pumua kwa pua, kama watu."

Daktari aliingiza kidole chini ya mkaja kuona kama umekaza kupita kiasi, akaridhika. Maji yalirudi, lakini kidogo. Mara iliyofuata alimgonga tumbo kwa vidole, akagonga tena, na wimbi halikuonekana. "Kisumu hapana," akasema. Bi Zuhura alilia kwa sauti, nami nikalia naye, Matroni wangu wa Homa Bay angeniona angenifukuza kazi.

Sasa nimestaafu, nalima mtama wangu Ndhiwa, na wodi naitamani kila siku. Wauguzi vijana kama ninyi huniuliza ni ugonjwa gani ulionitesa zaidi. Huwajibu kwamba magonjwa yana dawa. Jamaa anayempenda mgonjwa wake kwa namna mbaya hana sindano yake.

Bi Mwanaisha aliwatangazia watu wote wa Suna kwamba yeye ndiye aliyemponya mwanawe, na Daktari alisaidia kidogo. Wenzangu walikasirika, wakataka nikamsahihishe. Siku moja nilipita dukani nikamkuta akiwasimulia wateja, mikono yote hewani. Bi Zuhura, aliyejua kila kitu, alikuwa amesimama kando yake akikunja vitambaa.

"Ni kweli, shangazi," alikuwa akiitikia. "Ni kweli."