Misitu Miwili na Kifua cha Baba

Ofisi niliyofanyia kazi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ilikuwa juu ya duka la misumari na mabati mjini Machakos, na kazi yake ilikuwa kuwapangia wageni safari za kwenda kuona wanyama. Machakos haina wanyama wa kuonyesha wageni. Mwenye ofisi, mama aliyefanya kazi hiyo Nairobi miaka mingi, alisema wageni hawana haja ya kujua tuko wapi. Waliandika barua pepe, nami nikazisoma kwenye saiba, duka la intaneti ng'ambo ya barabara, na kuwajibu kana kwamba nimetoka porini sasa hivi. Nilikuwa nimeona twiga wawili maishani, kutoka dirisha la basi la shule.

Safari niliyoipanga mara nyingi kuliko zote ilikuwa ya misitu miwili ya Uganda: Kibale kwa ajili ya sokwe, kisha Bwindi kwa ajili ya gorila. Niliijua kwa moyo. Sokwe huwekwa kwanza, kwa kuwa mgeni akishamwona gorila hana shukrani tena kwa kitu kingine. Katikati unaweka siku ya kupumzika, maana barabara kati ya msitu na msitu inamtingisha mtu mpaka meno. Mgeni anaambiwa aje na buti, glavu za kushikia miiba, na suruali inayoingia ndani ya soksi. Anaambiwa pia, ukurasa wa pili, kwamba mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwakaribia sokwe wala gorila, kwa sababu ugonjwa unaompigisha mtu chafya mbili tu unaweza kuimaliza familia yao nzima.

Baba yangu alikuwa na kikohozi cha miaka kumi na tano.

Alikuwa mchongaji wa vinyago kijijini kwetu, Wamunyu. Alichonga ndovu, twiga, vifaru na simba tangu kabla sijazaliwa, na kati ya hao wote alikuwa amemwona ndovu tu, mara moja, huku yeye mwenyewe akikimbia. Wachongaji wa kwetu hawahitaji mnyama. Wanahitaji sampuli. Mmoja anachonga twiga, jirani anamwazima, anamtazama siku mbili, anachonga wake, naye anaazimwa na mwingine. Shingo ikipinda kwa mzee mmoja, baada ya mwaka imepinda kijiji kizima. Vumbi la mbao na la msasa liliwaingia wote kifuani, na banda lao ungelisikia kwa vikohozi kabla hujaliona. Daktari wa hospitali kuu alimpima baba mara mbili akasema si kifua kikuu, ni vumbi, na kwamba aache kazi. Baba alimshukuru, akarudi kazini.

Gorila hakuwa na sampuli. Kijana mmoja mfanyabiashara kutoka Nairobi alipoagiza gorila, baba alimchukua nyani anayetuibia mahindi, akamnenepesha, akampa mabega na kumwachia mkia. Alichonga kumi na wawili, wenye mikia mizuri sana. Mfanyabiashara aliwarudisha wote. Baba akasema mnyama asiye na mkia ni kazi ambayo haijaisha, na wenzake wakakubaliana naye. Kurudishiwa kazi alikuwa amezoea. Lakini yule kijana wa Nairobi alimwambia, mbele ya banda zima, kwamba anachonga asichokijua, na hilo lilimchoma. Alianza kumshika hata ndovu kwa wasiwasi. Nilimkuta siku moja na sikio la ndovu ambalo alikuwa amelipunguza na kulipunguza mpaka likawa la ng'ombe.

Kwa hiyo wenye kambi za kule Uganda walipowaalika watu wa ofisi kama yetu wakajionee wanachokiuza, na nafasi zikawa mbili, na mwenye ofisi akasema magoti yake hayapandi tena mlima wowote, nilijua nitakwenda na nani. Nilimwambia baba Jumapili.

"Mwaitu," akasema. Ananiita mama kwa Kikamba kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Huyo gorila, nitamwona karibu ama mbali?"

"Karibu. Kama hapa mpaka kwa ule mti."

"Basi hiyo inatosha. Ati hana mkia. Nitajionea mwenyewe."

Hapo ndipo ningemwambia ule ukurasa wa pili. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba daktari amesema ni vumbi, na vumbi haliambukizi, na kwamba mimi ni mtu wa kupanga safari, basi nipange. Nilikipanga kikohozi kama ninavyompangia mgeni asiyekula nyama. Nilichagua tarehe za baada ya mvua ndefu, barabara zikiwa hazijaanza kutimua vumbi. Mwezi mzima kabla ya safari nilimkataza kupiga msasa, nikasema mikono ya kushikia miiba inahitaji mapumziko. Nilimletea asali na tangawizi kutoka soko la Tala na dawa ya maji ya chupa, asubuhi na jioni. Siku ya kupumzika nikaifanya mbili.

"Wazungu wote wanakunywa asali hivi ndio waende?" aliniuliza.

"Wote," nikasema.

Mimi si mwongo kwa kawaida. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kibale mambo yalikwenda nilivyoyapanga. Mwelekezi alipoanza kusoma masharti nilimtuma baba garini akaniletee kofia, ambayo nilikuwa nimeificha chini ya kiti. Tuliwaona sokwe asubuhi nzima. Baba alisimama kinywa wazi akipima hewani kwa shubiri, mkono, bega, mgongo, midomo yake ikihesabu. Hakukohoa hata mara moja. Walipotuacha na kupotelea mitini aliniambia kwamba hao kweli hawana mikia, na kwamba huenda anadaiwa msamaha na nyani wa Wamunyu. Sikuwa nimemwona na furaha kama hiyo tangu mama alipokuwa hai, nami nilijipongeza.

Bwindi hapakuwa na kofia ya kuniokoa. Masharti husomwa watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, na askari mmoja wa msitu, aliyejua Kiswahili, akaona kuna mzee hafuati Kiingereza. Akaja akakaa karibu naye akamtafsiria neno kwa neno, kwa wema mtupu. Nilimtazama baba akisikiliza. Askari alipofika kwenye kikohozi alieleza vizuri kuliko ukurasa wangu: kwamba hawa gorila hawana dawa wala kinga, na mtoto wao anaweza kufa kwa homa ambayo wewe unaiponya kwa chai.

Baba akasimama.

"Mimi niko na kikohozi," akasema.

Alikuwa hajakohoa siku sita. Hakuna mtu pale ambaye angejua.

Nilimvuta kando, nikamwambia ni vumbi tu, daktari alisema.

"Na kama daktari alikosea?"

"Alikupima mara mbili."

"Mwaitu. Nitoke Ukambani yote mpaka hapa nije niwaulie mtoto?" Kisha akanitazama. "Wewe ulijua hii maneno?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndio maana ya asali," akasema, akakaa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nimefanya mengine ya aibu baadaye.

Nikasema basi nami sitakwenda. Akakasirika kwa mara ya kwanza. Akasema mmoja wetu lazima amwone, na akanituma mambo matatu: akikaa, uzito wake unaangukia wapi, akitembea, vidole vinashika ardhi vipi, na uso wake, wakati hana la kufanya, unakaaje.

Nilipanda na wageni wengine saa nne. Tulimkuta dume mkubwa amekaa kwenye majani akila, ametupa mgongo, na kwa muda mrefu mgongo ule ndio nilioupata. Nilijaribu kushika kichwani kila kitu, mabega, kiuno, mahali nywele zinapogeuka kijivu. Kisha akageuka akanitazama, nami nikaanza kulia. Saa moja tuliyopewa ikaisha kabla machozi hayajaniacha nimwone vizuri.

Baba alikuwa palepale kwenye benchi, chai mkononi. Akanipa nafasi nikae.

"Uzito?"

"Matakoni, na kidogo kwenye mkono wa kushoto."

"Vidole?"

"Amevikunja. Anatembelea migongo ya vidole."

Akajaribu kwenye goti lake, akaridhika. "Uso?"

"Ni kama wa mtu."

"Mtu gani?"

Alingoja mpaka chai ikapoa.

Tuliporudi alichonga gorila mmoja kwa mti mzito, kazi ya wiki tatu. Mgongo ule ni ule niliouona, na vidole ni vile vile, mpaka niliogopa kumgusa. Mbele ya kichwa aliacha mti mtupu. Yule kijana wa Nairobi alimtaka hivyo hivyo, baba akakataa. Nilimuuliza atammaliza lini.

"Mimi sikumwona," akasema. "Wewe ndiye ulimwona. Nakungoja."

Kwa hiyo kila Jumapili nilikwenda Wamunyu nikamweleza tena, macho, pua, midomo, nikianzia kila mahali panapoweza kuanzwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, tezo yake ya kuchongea ikiwa magotini, na hakuna Jumapili aliyoinyanyua.