Kaburi la Mgomba

Siku mjumbe wa mkama, mtawala wetu, alipokuja kuandikisha askari, tulikuwa tunakamua rubisi. Kaka yangu Rwezaura alikuwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia, suruali ameikunja hadi mapajani, akikanyaga ndizi mbivu zilizochanganywa na nyasi. Mimi nilisimama kando kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu. Nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya misheni pale Bugene, Karagwe, na viatu vile nilivipenda kupita kiasi.

"Msomi," alinichokoza, "pombe hii utainywa kwa Kiingereza?"

Mkewe Koku alicheka mpaka kibuyu kikamponyoka. Walikuwa hawajamaliza mwaka katika ndoa. Baba yetu, tata, alikuwa amewakatia kibanja upande wa chini wa shamba lake: migomba michanga na mibuni ambayo ilikuwa haijaanza kuzaa. Rwezaura aliisifu migomba ile kama watu wa mbugani wanavyosifu ng'ombe wao.

Mjumbe alisema Mwingereza anataka vijana, na hasa anamtaka mwenye Kiingereza cha kutosha kuwa mkalimani. Akanitazama mimi. Tata aliamua niende peke yangu, mwenye mke abaki. Rwezaura akakataa. Alisema msomi hajui hata kuwasha moto kwenye mvua. Akajiandikisha kwa ajili yangu, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Meli ilitushusha mbali, kisha tukapelekwa Burma. Mvua ya kule haikuwa mvua ya Karagwe, ambayo hunyesha ikaondoka. Ile ilikaa. Buti zilioza miguuni, ruba walituingia hadi kwapani, na nyumbu waliobeba risasi walizama kwenye tope huku wakitutazama. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya afisa wa Kizungu na watu wetu, nikipokea maneno upande huu na kuyatoa upande ule. Rwezaura aliniwashia moto kila tulipopiga kambi, kama alivyoahidi.

Kisha tukafika mtoni. Wajapani walikuwa ng'ambo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na afisa alisema kundi la kwanza livuke kabla haujainuka.

Nikatafsiri.

Rwezaura alikuwa kundi la kwanza. Alipita karibu yangu, akanigusa bega.

Ukungu uliinuka mapema.

Bunduki zililia kutoka miti ya ng'ambo. Niliona mtumbwi ukiinuka upande mmoja. Niliona mikono. Kisha niliona maji tu.

Tulipovuka siku iliyofuata, kaka yangu hakuwa miongoni mwa wafu wala miongoni mwa walio hai. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Niliporudi Bugene vita ilikuwa imekwisha. Nilimkuta mawe, mama yetu, amenyoa nywele. Habari kwamba mwanawe hajulikani alipo zilikuwa zimetangulia, zikatangazwa barazani. Tata alikuwa Mlutheri, tena mzee wa kanisa, lakini kuna mambo ambayo ubatizo haukuyafikia. Kwetu mtu aliyefia mbali hukatiwa shina la mgomba, likavishwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, likalazwa kaburini katika kibanja chake na kuliliwa kama mwili. Lisipozikwa, marehemu huhangaika na kuhangaisha wengine, na mjane hukaa hivyo hivyo bila kurithiwa. Tata hakutaka kungoja. Alikuwa amemzika Rwezaura, matanga yakaanuliwa, na ukoo ukamrithisha Koku kwa mtoto wa baba yetu mdogo, pamoja na kibanja.

"Wewe ulikuwepo," tata aliniuliza. "Ulimwona akifa?"

"Niliona maji, tata."

"Basi yanatosha."

Siku moja mchana, mibuni ya kibanja kile ikiwa imeanza kuzaa, mwanamume mwenye koti la jeshi alionekana akija kutoka upande wa Omurushaka. Alikuwa akichechemea. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimtambua, wakaacha vibuyu, wakakimbia wakipiga mayowe. Mimi pia nilikimbia, ila mimi nilimkimbilia. Nilimkumbatia, nikamshika uso. Ulikuwa na joto. Alinieleza kwamba mto ulimchukua ukamtupa mbali, akaokotwa na wanakijiji, akakaa sana hospitalini India na homa iliyomsahaulisha hata jina lake.

"Mawe hajambo? Na Koku?"

Nilimjibu kuhusu mawe. Kuhusu Koku nilimwelekezea kidole lile kaburi la mgomba kule kibanjani, naye akaelewa.

Alitaka kuingia nyumbani. Tata alikuwa amesimama kwenye upenyo wa ua na fimbo yake, akamkataza kwa ishara. Hakuwa na chuki, alikuwa na hofu. Tangu utotoni alifundishwa kwamba aliyezikwa akiurudia mlango kwa miguu yake, huja kuchukua mwingine. Na ndani mlikuwa na Koku, aliyekuja kwa mawe kungoja kujifungua, mwenye mimba kubwa ya mume wake wa pili.

Nikafanya kazi niliyoijua. Rwezaura alikaa chini ya mibuni nje ya ua, na mimi nikaenda na kurudi. Wazee wa ukoo waliitwa. Mawe alilia ndani, akizuiwa asitoke, kisha akanipa kahawa ya kutafuna ndani ya jani la mgomba nimpelekee mwanawe. Rwezaura aliipokea kwa mikono miwili. Kwetu mgeni ndiye hupewa kahawa kwanza, na alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Jua lilipoanza kushuka wazee walinipa neno. Iko njia, walisema. Mawe atambeba mgongoni kama kichanga, aingie kwa nyuma, anyolewe, apewe jina jipya. Atakuwa amezaliwa upya na hatamdhuru mtu. Nilifurahi mno. Niliona nimeshinda, maana mwanzoni hawakutaka hata kulisikia jina lake.

"Na Koku?" Rwezaura aliuliza nilipomfikishia. "Na kibanja?"

Nikarudi kwa tata na swali hilo. Alitazama chini.

"Mtoto mchanga ana mke?" alisema. "Ana shamba? Asiyekuwapo na lake halipo, mwanangu. Mimi mwenyewe nimegawa, nitamnyang'anya nani? Mwambie aje. Nitamlisha mpaka nife."

Alimpenda mwanawe, na ndiyo maana sikuweza hata kumchukia.

Nikapeleka maneno. Nilijitahidi kuyalainisha, lakini maneno hayo hayana ulaini. Rwezaura alisikiliza, akatafuna punje moja ya kahawa mpaka ikaisha.

"Wajapani walinikosa," alisema. "Wewe msalimie mawe."

Akaondoka akichechemea. Mle ndani nilimsikia Koku akilia kwa sauti ambayo hakuruhusiwa kuitoa. Hakuna aliyemnyamazisha.

Alikwenda Kyerwa, kwenye machimbo ya bati. Mjomba wetu wa Nyakatuntu alimpa kibanda, na mimi nikawa namtembelea kila nilipopata nafasi. Kila mara nilimletea pendekezo jipya: shamba pengine, mke mwingine, mkama aamue. Alinipikia chai, akanisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Kisha wakati wa masika ukuta wa shimo ukawaporomokea wachimbaji, Rwezaura akiwa miongoni mwao.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya serikali Bukoba. Nilitafuta lori, nikaja kuomba mwili uzikwe Bugene. Tata alikuwa amezeeka, haoni vizuri. Alipapasa mpaka akanishika mkono.

"Kaburi lake lipo," alisema. "Mtu hana makaburi mawili."

Tukamzika mlimani Kyerwa, na vijana wa machimbo ndio waliobeba.

Baadaye nchi ikapata uhuru, nikapewa ubalozi, na watu wakanisifu kwa subira yangu kwenye meza ya mazungumzo. Nimepatanisha nchi jirani zilizokuwa zimekwisha kupeleka vifaru mpakani. Nilisaini, nikapeana mikono, nikapigwa picha. Lakini kila nilipomsikia mwenye nguvu akisema juu ya wakimbizi, "waache warudi," nilijua ataongeza kwamba mashamba yao yamekwisha kugawiwa, na mara nyingi aliongeza.

Mwaka jana nilikwenda Kyerwa. Machimbo yamefukiwa, mlima umelimwa, na hakuna aliyeweza kunionyesha mahali. Nilizunguka na dereva wangu mpaka akanionea huruma.

Pale Bugene, wajukuu wa Koku hupalilia kaburi la lile shina kila Krismasi na kulipandia maua. Wanajua ni la babu yao mkubwa aliyekufa vitani, na bibi yao hajawaambia vingine. Nilifika, nikavua kofia, nikasimama hapo na kumlilia kaka yangu, kwa sababu sina pengine pa kusimama.