Farasi Aliyelishwa Bukari

Ukimwona Philomène leo akiuza sombe sokoni hapa Likasi, mkali kwa kila mteja anayebonyezabonyeza majani yake ya muhogo, huwezi kudhani kwamba mama huyu aliwahi kuvuka mji mzima akivuta farasi. Mimi nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta, nimeyaona kwa macho yangu. Kwa hiyo mtu asinikatize.

Baba yake, Michel, alikuwa mtunza farasi kwenye kilabu ya Wazungu. Baada ya uporaji wa mwaka wa tisini na moja, wenyewe walipanda ndege wakaenda zao, wakaacha jike mmoja mzee aliyeitwa Câline. Michel akamleta nyumbani akamfunga nyuma ya jiko. Mishahara hakuna, sisi tunalaza watoto kwa uji, yeye analeta farasi. Nilimcheka mpaka mbavu zikauma. Lakini Philomène, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, na rafiki yake Mwadi, walimpenda mnyama yule kupita kiasi. Walimkatia majani bondeni, wakamsugua kwa burashi ya kufulia nguo, wakamsimulia habari za mtaa kama mtu mwenzao.

Halafu wakubwa wa mkoa wetu wakatangaza kwamba watu wote wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Wazazi wa Mwadi walikuwa wa huko, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, hiyo Kasai hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Nilikasirika wakati ule na mpaka leo sijapoa. Familia yake ikahamia gare, yaani stesheni, ikawa inalala chini pale pamoja na mamia ya wengine, ikingoja treni. Hata hivyo Mwadi hakuacha kuja kumwona farasi wake kila siku.

Asubuhi moja habari zikaenea kwamba treni inakuja. Sasa, kwetu huwezi kuagana na mtu bila kula naye, na kula maana yake ni bukari, ugali wetu. Umalize sufuria nzima ya viazi, bado utasema hujala. Mwadi akaja na unga ambao masista waliwagawia pale gare, akaupika wote, akaupoza, akamlisha Câline tonge kwa tonge. Farasi alilamba mpaka sufuria. Wale wasichana walifurahi, masikini.

Kabla ya saa sita tumbo la Câline lilikuwa limevimba na kukaza. Akalala chini, akawa anageuza shingo kutazama ubavu wake na kuguna. Michel alikuwa ameenda Kapolowe kutafuta mahindi. Badala yake akaja jirani yetu Firmin, kisu mkononi.

“Tukate sasa hivi,” alisema. “Ikijifia yenyewe, hakuna mutu atakula.”

Wakati huohuo Mama Mwadi akatokea, jasho linamtoka. “Treni imefika. Mwadi, twende.”

“Siendi, mama,” Mwadi alisema, ameshika kichwa cha farasi. “Miye njo nilimuua. Ni bukari yangu.”

Moyo wangu uliniuma. Mtoto ananyang'anywa mji wake, na bado anataka kubeba na mzigo huu.

Philomène hakulia. Alifungua kamba. “Bado hajakufa. Baba anasemaka, tumbo ikimuuma asilale, atembee. Basi atatembea mpaka ku gare. Mwadi, weye sukuma nyuma.”

Mmoja akavuta, mwingine akasukuma, mpaka Câline akasimama. Tukaondoka hivyo barabarani: farasi mbele akiyumba, wasichana huku na huku, Mama Mwadi na mafurushi waliyokuwa wameyaacha kwangu, na mimi na godoro lao kichwani. Firmin alitufuata na kisu chake. Kila farasi alipotaka kupiga magoti, Mwadi alimbembeleza sikioni, na akapiga hatua nyingine.

Pale gare watu walikuwa wakipandana kuingia kwenye mabehewa, watoto wanalia, wazee wanainuliwa kama magunia. Mama Mwadi alimvuta bintiye kwa nguvu. Mwadi akasimama mlangoni mwa behewa, macho kwa farasi tu. Treni ikaanza kusogea. Philomène akatembea kandokando ya reli, akimvuta Câline, akimwambia Mwadi asiache kutazama.

Na pale pale, mbele ya umati wote, Câline akainua mkia akashusha mzigo mkubwa ajabu. Tumbo limefunguka. Watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko, hata Mama Mwadi, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu watoke nyumbani kwao. Firmin akaficha kisu chake ndani ya shati. Mwadi alicheka na kulia kwa pamoja, akipunga mikono yote miwili, mpaka treni ikampeleka mbali.

Câline aliishi miaka minne zaidi. Mwadi alifika wapi, Philomène hajui mpaka leo, na ukimuuliza atageuza uso aanze kupanga sombe yake upya. Lakini kuna jambo moja huwa ananiambia: Mwadi aliondoka akijua kwamba hakumuua.