Sebule ya Mama Hamdi

Mama mkwe wangu, Inshirah, alikuwa na sebule ambayo mtu wa nyumbani hakuruhusiwa kuikalia. Sisi tulikula, tukagombana na kulea watoto katika chumba cha nyuma. Sebule ilikuwa ya wageni. Humo mlikuwa na kochi na viti vya nakshi, vimepakwa rangi ya dhahabu, alivyovichonga baba mkwe, Mitwalli, mwaka waliooana. Mji wetu wote wa Dumyat unachonga viti, lakini Mama alisema vya kwake havina ndugu. Alivifunika mashuka. Niliishi mle nyumbani miaka kadhaa kabla sijajua kitambaa cha viti hivyo ni cha rangi gani.

Kiharusi kilimkuta akianua nguo. Alipona nusu, mkono na mguu wa kushoto vikabaki vizito. Chumba chao kilikuwa ghorofani, na ngazi zetu ni nyembamba, zina kona mbaya. Tukawa tunampandisha na kumshusha, mume wangu Hamdi mbele, mimi nyuma, hadi siku alipotuponyoka pale konani akaporomoka mpaka chini. Hakuvunjika mfupa, ila uso ulivimba wote.

Baba alipomwona vile alisema, "Sebule inageuzwa chumba. Na choo tutakitia humo humo."

"Na wageni?" Mama akauliza.

"Wageni wana kwao, Mama Hamdi."

"Na mimi sina?"

Baba alitoka nje.

Baba hakutaka fundi. Alisema hataki mtu baki aingie nyumbani amwone mkewe akibebwa kama gunia. Hamdi akamwambia kwa upole, "Baba, wewe unajua mbao. Choo si mbao."

"Bomba ni bomba. Maji yanaingia huku, yanatokea kule."

"Hata punda anajua hilo," Hamdi akaninong'oneza, "na hajajenga choo."

Basi tukaanza wenyewe. Mimi nilibandua rangi ya zamani kwa kisu cha jikoni, wao wakabomoa na kujenga. Vumbi likaingia hata kwenye jibini. Mama aliketi ukumbini, kajifunga mtandio puani, anatazama tu. Ukuta wa kwanza wa choo ulikunywa maji, ukavimba, ukamwagika sakafuni kama uji. Hamdi alitupa mwiko na kwenda zake mkahawani. Baba alibaki amechuchumaa mbele ya ule udongo, simwoni uso. Kesho yake waliubomoa na kuuanza upya bila kusemezana.

Kochi Baba alilipeleka karakanani kwake, akasema analinusuru na vumbi. Lililorudi lilikuwa kitanda.

Alikifunua mbele yetu sote, anatabasamu kama mtoto siku ya Idi. Kichwani kulikuwa na mgongo wa lile kochi, na mikono yake miwili imesimama ubavuni. Alikuwa amepima kimo cha goti la mkewe. "Njoo uone, Mama Hamdi. Ukitaka kuinuka, unashika hapa. Humhitaji mtu."

Mama alikitazama kwa muda mrefu.

"Umelikata wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo," Mama akasema. "Ningekataa." Kisha akatugeukia. "Nipandisheni juu."

Tukampandisha, nani angethubutu kukataa? Hakushuka tena, hata kwa chakula. Baba akimpelekea chai, Mama anageukia ukutani. Mzee akawa analala sebuleni, sakafuni, kando ya kitanda kitupu. Siku moja nilimkuta ameketi hapo, kifundo cha mkono kina tope la saruji lililokauka.

"Nilidhani nampa kitu," aliniambia.

"Ulimpa, baba. Lakini kilikuwa chake tangu mwanzo."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kubandua saruji.

Aliyemshusha Mama ni dada yake, Rawhiya, aliyekuja kumjulia hali kutoka Ras el-Bar. Magoti yalimkatalia ngazi, akabaki chini anaita, "Inshirah, unanisalimia kupitia dari?" Mama akatuomba tumteremshe. Viti bado vilikuwa vimerundikwa ukumbini. Pa kumweka palikuwa kitandani tu. Alishika ule mkono wa kochi, akajikalisha mwenyewe.

"Kitanda kizuri," Rawhiya akasema.

"Kilikuwa kochi," Mama akajibu, na habari ikaishia hapo.

Mgeni alipoondoka tulingoja Mama atuambie tumrudishe ghorofani. Hakusema. Baba alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au apite. Mama akamwambia, akitazama dirishani, "Huu mkono uko juu mno. Unaniumiza kwapa."

Mzee alikwenda kuleta randa. Aliupunguza Mama akiwa amekaa pale pale, na maranda yakamwangukia miguuni. Hakuyasogeza.

Mama alikaa katika chumba kile mpaka alipofariki. Yeye na Baba walirudi kuongea, mambo ya dawa, mkate na wajukuu. Mara moja tu, nikikunja nguo pale, nilimsikia Baba akianza, "Inshirah, lile kochi..."

"Nipe maji," Mama akamkatiza.

Akampa.